Paka Watano wa Bi Rukia

Mwajuma alinipigia simu siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa shambani kwangu Bugarama napalilia maharage. Alisema bibi yake, Bi Rukia, amefariki alfajiri na kwamba wanazika baada ya swala ya adhuhuri. Alijua sitawahi, maana kutoka huku Ngara mpaka Biharamulo si karibu, lakini hakutaka nisikie kwa mtu mwingine. Kisha akasema, "Mpaka wiki iliyopita alikuwa anakuombea dua, dada Veledi. Anakutaja kwa jina, mara tu baada ya watoto wake wa kuzaa." Nilimpa pole, nikamwahidi kwamba nitakuja kabla ya arobaini, nikakata simu na kukaa juu ya tuta. Nimestaafu miaka mitatu sasa. Hapa kijijini watu wananijua kama bibi mifugo, mtu wa kuitwa ng'ombe akikwama kuzaa au nguruwe akigoma kula. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba kuna nyumba Biharamulo ambako nimeombewa dua zaidi ya miaka thelathini kwa jambo ambalo nusu yake nililifanya na nusu nyingine nililificha. Nataka kuueleza mwaka ule jinsi ulivyokuwa, bila kujipunguzia.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimetoka chuo cha mifugo na koti jeupe lililonizidi mabega. Mtu wa ofisini alinitafutia chumba kwa Bi Rukia, mjane mwenye duka la nguo, aliyekuwa akiishi na mjukuu wake Mwajuma, mtoto wa miaka tisa. Babu zake Bi Rukia walitoka Pangani wakifuata biashara, wakabaki. Yeye mwenyewe alizaliwa palepale Biharamulo na bahari hakuwahi kuiona, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, laini na kirefu, na mimi niliyejifunza lugha hiyo darasani, baada ya Kihangaza cha nyumbani, nilikuwa nikitafuta maneno kwanza kabla ya kumjibu. Chumba changu kilikuwa uani, kimepakwa chokaa, kina kitanda cha chuma, meza moja na dirisha la mbao lililofunguka kuelekea jikoni. Asubuhi ya kwanza nilipolifungua, paka wa rangi ya kahawia aliruka ndani, akapita juu ya makaratasi yangu na kujilaza kwenye sweta langu. Nikamsukuma kwa kiatu. Mwajuma alikuwa uani anapiga mswaki, akaniona. "Huyo anaitwa Karafuu," alisema na povu mdomoni. "Hapendi kusukumwa." Mimi nilikuwa mtu wa mbwa, na sikuona sababu ya kuzungumzia paka na mtoto.

Walikuwa watano. Karafuu, Hariri, Mdalasini, Binti, na dume mmoja mnene aliyeitwa Karani kwa sababu alipenda kulala juu ya karatasi. Mchana tulikula sebuleni kwenye mkeka, ugali wa muhogo na sato siku nyingi, wali wa nazi siku ya Ijumaa kama basi limeleta nazi na hazijaoza njiani. Paka walijipanga ukingoni mwa mkeka, hawalii wala hawasogei, wanatazama pembeni kama watu waliopita tu wakakuta tunakula. Bi Rukia aliwagawia vichwa vya samaki mmoja mmoja, kwa jina, na hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Siku moja nilimwambia kwamba kwetu paka ni mnyama wa kushukiwa, kwamba akiwa mweusi watu huvuka barabara, na kwamba mbwa ndiye anayemjua bwana wake. Paka anajua sufuria. Hakuudhika. Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Mbwa anampenda anayemwamuru, mwanangu," alisema. "Paka huwezi kumwamuru. Akija kukulalia miguuni, amekuja mwenyewe." Nilitabasamu kwa adabu. Moyoni nilisema, maneno ya mtu ambaye dini yake haimruhusu mbwa ndani ya nyumba.

Kazi yangu ya miezi ya kwanza ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuandika wanyama wanaofugwa, kwa sababu kulikuwa na kichaa cha mbwa vijiji vya jirani na chanjo ilikuwa inaagizwa. Nilipenda kazi hiyo. Watu ukiwauliza habari za ng'ombe hupunguza idadi, wakidhani ni mambo ya kodi, lakini ukimuuliza mtu habari za mbwa wake au paka wake atakuketisha na kukueleza. Kulikuwa na fundi cherehani aliyefuga simbilisi chini ya kitanda, akisema sauti zao zinampa usingizi. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyefuga njiwa tu, maana mbwa wake wa mwisho alikufa na hakutaka tena kuzika kitu kinachojua jina lake. Wanawake wa Kiislamu pale mjini walikuwa na paka, wakulima wa pembeni walikuwa na mbwa, na kila upande uliwaona wenzao kama watu wenye kasoro ndogo. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri, lakini sikuwa mwadilifu. Kwenye nyumba ya mbwa nilikaa, nikanywa togwa, nikamshika mnyama masikio. Kwenye nyumba ya paka niliandika nikiwa nimesimama mlangoni.

Niliyempenda kuliko wote alikuwa Mzee Tewodosi, mkulima Msubi aliyeishi mwisho wa kijiji kimoja cha mbali, msitu unapoanzia. Alikuwa na mbwa kumi na mmoja, wembamba, wenye makovu ya nguruwe pori. Nyani na nguruwe walimaliza mahindi ya jirani zake wote, yake wakayaogopa. "Binti, hawa ndio warinzi wangu," aliniambia, akichanganya herufi kama wazee wengi wa kule. "Mimi nikirara, wao macho." Aliwalisha ugali kutoka kwenye chungu kimoja, na yeye mwenyewe akala baada yao. Nilimwahidi kwamba chanjo ikifika, mbwa wake watachomwa wote. Nilimwahidi kabla sijajua zitakuja dozi ngapi.

Zilikuja chache. Mkuu wangu wa kazi alitoa maelekezo mafupi: mbwa na paka sawa, anayetangulia ahudumiwe, zikiisha waambieni zimeisha, watu wasubiri awamu nyingine. Nayaandika hapa maelekezo hayo ili ieleweke kwamba kosa halikutoka juu. Bi Rukia alikuwa ameniomba mapema. Wanawake wengi wa mtaa waliiogopa sindano ile, walisema inamfanya paka aache kuzaa, na yeye ndiye aliyewazungukia akiwaambia kwamba bibi mifugo anakaa kwake, anakula kwake, hawezi kuwadanganya. Akasema atatangulia yeye ili waone. Kwa kuwa hakuweza kubeba paka watano mpaka kituo cha chanjo, tulikubaliana niweke dozi tano pembeni, nimalizie kazi nyumbani kwake jioni ileile. Nikaziweka pembeni. Siku nzima zilikuwa ndani ya kisanduku cha barafu, chupa moja ndogo, nimeifunga kwa kitambaa.

Saa kumi nilikuwa nafunga meza nilipomwona Mzee Tewodosi anakuja. Alikuwa ametembea tangu asubuhi. Mbwa sita waliletwa na mwanawe siku ya kwanza, wakachomwa. Hawa watano walikuwa wamefukuza nguruwe msituni na hawakurudi kwa wakati. Alikuwa amewafunga kwa kamba moja ya katani, na mmoja, jike mwenye madoa, alikuwa anachechemea. Nilimwambia dozi zimeisha. Hakubisha. Alisema tu, "Basi," akakaa chini kwenye vumbi kupumzika kabla ya kurudi, na yule jike akalaza kichwa juu ya goti lake. Niliwatazama kwa muda usiozidi wa kufunga mkoba. Kisha nikafungua kisanduku, nikafungua kitambaa, nikawachoma mbwa wake wote watano. Alinishika mikono miwili. Hata leo nikikumbuka furaha niliyoiona usoni mwake, nafurahi, na ndiyo sababu sijui nifanye nini nayo.

Ningeweza kwenda nyumbani na kusema zimeisha. Nilipoingia uani, Bi Rukia alikuwa ametandika mkeka, wanawake saba au wanane wa mtaa wamekaa ukutani na vikombe vya kahawa, na paka watano wamefunikwa kila mmoja ndani ya kanga, vichwa nje. Mwajuma alimshika Karafuu. "Njoo, mwanangu," alisema Bi Rukia, "hawa wakubwa zangu wamekuja kuona kama nitalia." Wakacheka. Nilisema nakwenda kunawa mikono. Chumbani kwangu kulikuwa na chupa za maji ya sindano, yale tunayotumia kuyeyushia dawa ya unga ya ng'ombe. Niliyavuta kwa bomba. Nilijiambia kwamba ni wa ndani hawa, hawatoki, wanakula vichwa vya sato, mbwa wa msituni wana hatari zaidi. Nilijiambia pia, nami nalisema hapa kwa sababu ndilo lenye ukweli zaidi, kwamba ni paka tu. Nilitoka nikawachoma maji, mmoja baada ya mwingine, mbele ya mashahidi. Karafuu alijinyonganyonga kwenye kanga, Bi Rukia akamsaidia mtoto kumbana, na matone machache yakamwagika kwenye manyoya. Kisha nikaandika kadi tano, nikasaini.

Ilipita miezi minne. Sikuwa na usingizi mbaya wala chochote cha namna hiyo. Ndivyo ninavyokumbuka, na inaniaibisha. Nilikula chakula cha Bi Rukia, nikamsaidia Mwajuma hesabu za kugawanya. Maharage yalikuwa yamevunwa, uani kumejaa maganda, Karafuu alipopotea siku mbili na kurudi na sikio limechanika. Wiki kadhaa baadaye alianza kujificha nyuma ya pipa la maji. Jioni moja nilirudi kutoka kazini, nikakaa chumbani kwangu kula viazi nilivyowekewa, dirisha likiwa wazi, nikamsikia jirani aitwaye mama Hadija akisema jikoni, "Mkono umevimba. Umpeleke, Bi Rukia. Siku hizi kuna maneno ya kichaa." Na Bi Rukia akamjibu kwa utulivu, "Kichaa kitoke wapi? Paka wangu wana kadi. Bibi mifugo mwenyewe aliwachoma, na wewe ulikuwepo umekaa pale. Mtoto alimbana alipokuwa anampa maziwa, akang'atwa, basi."

Niliacha viazi. Nilitoka, nikamwosha Mwajuma mkono kwa sabuni ya mche na maji mengi, kwa muda mrefu mpaka akaniuliza kwa nini simwachi. Kulikuwa na matundu mawili chini ya kidole gumba. Nilimwona Karafuu nyuma ya pipa, mdomo umelowa. Nilijua. Mtu aliyesomea kazi ile anajua, na anajua pia kwamba ugonjwa ule ukishaanza kumwonyesha mtu dalili, hakuna hospitali itakayomponya. Kinachookoa ni sindano za mapema. Nami nikanyamaza siku hiyo. Nikanyamaza kesho yake. Nilikuwa natafuta namna ya kumpeleka mtoto bila kusema kwa nini, na kila njia niliyoipata ilipita kwenye zile kadi. Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria wale wanawake waliokaa ukutani. Asubuhi ya siku ya tatu Karafuu alikutwa amekufa, amekakamaa, na Mwajuma alikuwa amechuchumaa karibu yake akitaka kumfunika.

Nilimvuta Bi Rukia mpaka dukani, mlango ukiwa bado umefungwa, kati ya majora ya vitambaa. Nikamwambia mtoto aende hospitali sasa hivi. Akaniuliza, "Kwani kadi?" Nikasema, "Chanjo nyingine huwa hazishiki, Bi Rukia. Inatokea." Alinitazama, na nilimwona anatafuta kosa lilipo, kama mtu anayetafuta funguo mwilini mwake mwenyewe. Akasema polepole, "Nilimbana vibaya. Siku ile alijinyonganyonga, dawa ikamwagika. Niliiona kwenye manyoya, nikanyamaza, niliona haya mbele ya watu." Alishika ukingo wa meza. "Ni mimi, Veledi." Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Hakukuwa na mtu mwingine, mlango umefungwa, na alikuwa amenitangulia kukiri. Nikasema, "Usijilaumu. Tuwahi."

Sindano za wakati ule zilichomwa tumboni, siku baada ya siku, na ziliuma. Nilimpeleka Mwajuma mwenyewe, kila siku, kabla ya kazi. Njiani alinishika vidole viwili, hakupenda kushikwa mkono mzima. Muuguzi alipokaribia na bomba alikuwa akifumba macho na kunitajia majina ya paka, kwa mpangilio wa kula. Siku ya kwanza alitaja watano. Siku ya tatu hakutaja hata mmoja, kwa sababu wenzake na Karafuu nao ilibidi wauawe. Walikuwa wamelala pamoja, wamelambana, na mimi ndiye niliyelieleza hilo kwa mkuu wangu, na mimi ndiye niliyekuja na mwenzangu wa ofisini kuwachukua. Bi Rukia aliniuliza mlangoni, "Hata hawa, wenye kadi? Hawa walitulia, dawa iliwaingia yote." Nikasema hata hawa. Alikwenda jikoni, akawapa vichwa vya samaki ingawa haukuwa wakati wa kula, akasubiri wamalize, kisha akatuletea mmoja mmoja mikononi mwake. Karani alikuwa mzito, ilibidi amweke chini mara moja njiani. Mwenzangu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtu anawatoa wanyama wake kwa heshima namna ile. Hakufuga paka tena. Panya walipoanza kutafuna vitambaa dukani, alinunua mitego.

Mwajuma hakuugua. Siku zilipita, halafu wiki, halafu tukaacha kuhesabu, na Bi Rukia akaanza kuwaambia watu. Sokoni, kwenye harusi, kwa wateja wa dukani: mjukuu wangu yuko hai kwa sababu ya bibi mifugo, aliona ugonjwa ambao sisi hatukuuona, akambeba mtoto kwa miguu yake. Wanawake walinisalimia kwa namna mpya. Mzee mmoja alinipa kuku. Nilimkubali yule kuku. Mwaka uliofuata niliomba uhamisho kurudi Ngara, nikasema ni kwa ajili ya wazazi. Tangu hapo nilimtembelea Bi Rukia mara tatu au nne, kila mara nikiwa na haraka, kila mara akinipakulia kwanza. Katika kazi yangu yote sikuwahi tena kuandika kadi kabla ya sindano kuisha kwenye bomba, na vijana niliowafundisha waliniona mkali kupita kiasi. Walidhani ni tabia yangu.

Nilifika Biharamulo wiki mbili baada ya mazishi. Nyumba imeezekwa upya, lakini sebule ni ileile, na wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakinong'ona. Mwajuma ana mvi chache sasa, na duka ni lake. Alinipokea, akalia begani kwangu, kisha akanichukua mpaka chumba cha bibi yake tuzungumze. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Tulikaa ukingoni mwake, na kabla hajaanza kunisifu nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, mbwa wa Mzee Tewodosi, maji ya sindano, siku mbili nilizonyamaza akiwa na mkono umevimba. Sikuongeza kwamba nilikuwa mdogo. Alisikiliza akiwa ameshika mkono wake mwenyewe, chini ya kidole gumba.

"Bibi alijua?" aliuliza.

"Hapana."

"Hukumwambia hata alipokuwa mgonjwa?"

"Hapana."

Sauti za wanawake zilitufikia kutoka sebuleni. "Kila Idi," alisema, "tukishatoka kuswali, kabla hatujala, bibi alikuwa ananiita humu ndani. Ananishika mkono huu. Ananiomba radhi kwamba alimbana Karafuu vibaya, dawa ikamwagika, akaona haya kusema. Tangu nikiwa mtoto mpaka Idi iliyopita. Nilikuwa namwambia, bibi, yamekwisha. Mwaka unaofuata anarudia." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze kusema. "Nimemsamehe kosa lako zaidi ya mara thelathini, dada Veledi. Kwako wewe sijui kama nimebakiwa na kitu."

Nilikuwa nimesafiri nikidhani ninakwenda kutua mzigo, na nilipomtazama nikaona kwamba nimempa yeye aubebe, ndani ya wiki mbili za kumzika aliyemlea. Mlango ukagongwa. Aliingia wifi yake, mwanamke wa makamo ambaye sikuwa namjua, akanitazama kwa uchangamfu, akasema, "Shikamoo mama. Mwajuma, huyu ndiye yule aliyekuokoa?"

Mwajuma alinyoosha shuka pale alipokuwa amekaa, akasimama. "Ndiye," alisema. "Amechoka na safari. Mletee maji anawe, ale."

Yule wifi alirudi na birika na bakuli, akanimiminia maji mikononi huku akinishukuru kwa niaba ya ukoo wao. Mwajuma alinipakulia mwenyewe, wali na nyama, sahani imejaa, akaiweka mbele yangu bila kuniangalia, akatoka kwenda kukaa na wageni wengine. Nilikula peke yangu chumbani kwa Bi Rukia. Nilikula mpaka nikamaliza, kwa sababu ningebakiza, mtu angeniuliza nina nini.